Somo la Tisa

Miaka thelathini na minane nimerekebisha piano za watu
hapa Łódź, kwa ufunguo wa chuma na sikio moja zima.
Nikishakaza nyuzi hupiga yaleyale: noti nane kupanda,
noti nane kushuka. Nafunga mfuniko, napokea changu, naaga.
Hakuna aliyewahi kuniambia: kaa, tupigie kitu.
Na angeniambia, ningempa nini?

Sasa nimestaafu. Jioni naegemeza kishikwambi
kwenye kopo la shayiri, juu ya piano yangu mwenyewe,
ambayo ndiyo pekee mjini niliyoiacha ilegee.
Binti anatokea: Jussara, wa Recife,
nywele kazibana kwa penseli, feni inazunguka nyuma yake.
Kwangu theluji inakwangua dirisha.
"Leo hatusomi noti," asema, na Kipolandi chake
kinapita chini ya picha kwa kuchelewa.
"Nitapiga sentensi. Wewe nijibu. Usifikiri."

Usifikiri! Mimi niliyelipwa kufikiri
iwapo uzi umelegea kwa unene wa unywele.
Somo la tisa nimelirudia mara ishirini na sita.
Nimelipunguza mwendo hadi nusu, sauti yake ikawa ya mlevi;
nimenakili kila kitu kwenye daftari la hesabu,
nikakariri majibu, nikayatoa bila kosa.
Yakatoka kama maiti aliyevishwa suti.

Na kila ifikapo saa mbili na nusu Bi Halszka wa chini
hugonga dari yake kwa mpini wa ufagio:
ko, ko-ko. Yaani nyamaza.

Jana, katikati ya swali, picha ikaganda.
Mkono wa Jussara juu, mdomo wazi,
kiduara kinazunguka, kinazunguka kwenye paji la uso wake.
Sentensi ilikuwa imekatikia kwenye noti isiyokalika,
kama mtu aliyenyanyua mguu ngazini.
Nani awezaye kumwacha mtu hivyo?
Kidole kikaanguka. Pabaya.
Nikakirudisha palepale pabaya,
maana kuondoka kungekuwa kukiri.
Mara ya tatu pabaya pakawa mlango.
Kupotea njia ndiko kujua njia:
nikapita kichochoro nisichokijua, nikatokea uani kwa watu,
nguo zao zimeanikwa, zinachuruzika.

Ko, ko-ko.

Mkono wa kushoto, sikuutuma, ukajibu:
du, du-du.
Kimya.
Ko-ko, ko.
Nikarudisha vilevile, nikaongeza moja.
Kimya kirefu.
Kisha naye akaongeza yake.

Sijui kama bado alikuwa na hasira.
Sijui kama mtu wa miaka themanini na mbili
anaweza kugonga dari kwa mzaha.
Binti akazinduka kiooni, akasema "Vizuri sana,"
kama amwambiavyo kila mtu, awe amejibu au hakujibu.
Sikumwangalia. Nilikuwa nimepiga magoti,
sikio langu zima liko sakafuni,
nikingoja zamu yangu.