Safu ya Nne, Kadutu

Usiku wa pili wa filamu za Kihispania
shuka jeupe lilifungwa kwa kamba za viatu,
jenereta ikakohoa nje kama mgonjwa wa jirani.
Maandishi yalipita chini kwa Kifaransa, mbio;
nikamnong'onezea mama M'Cirhuza, asiyesoma:
"Anasema mumewe hakurudi kutoka shimoni.
Anasema sasa yeye husaga mawe."

"Hasagi," akasema. "Anatwanga.
Tazama bega."

Miaka tisa Kamituga, kinu cha chuma,
vumbi la mwamba kifuani hata leo.
Akaniziba mdomo kwa kiganja kigumu.
Kuanzia hapo akanitafsiria yeye:
huyu anadaiwa;
huyu mnunuzi, mizani yake inasema uongo;
mtoto yule, sikia kikohozi, hatamaliza filamu.

Hakumaliza.

Taa zikawaka. Mugisho, kijana wa tamasha,
akapita na karatasi: Umependa? Weka alama.
Mama akauliza yule mwanamke anakaa wapi.
"Bolivia," nikasema. "Ng'ambo ya bahari."
"Mwambieni asitwange bila kitambaa puani,"
akasema, akikaza kitenge,
"na maji ayanyunyize kwanza."

Mugisho akageuza karatasi,
akaandika.