Bati la Saba

Nilihesabu mwenyewe. Mabati sita yaliangukia mihogo,
la saba lilimwangukia Asekenye.

Nilikuwa pale na daftari na kalamu inayovuja,
mwandishi wa wilaya, mlipwa kwa mistari.
Ngora, Jumamosi, uwanja wa shule,
duara la chokaa juu ya nyasi
na mwalimu Omoding anapuliza filimbi: rudini nyuma, rudini!
Nyuma wapi? Nyuma kulikuwa na soko.

Helikopta haishuki kama ndege.
Ndege huuacha upepo wake njiani.
Hii huukalia, huukalia kwa uzito wake wote,
na upepo ukikosa pa kwenda chini
hutokea pembeni, kwa magoti,
ukizoa.

Ulizoa maganda ya karanga kwanza.
Kisha mwavuli wa muuza maandazi.
Kisha kokoto, zikapiga kioo cha ambulensi
iliyoletwa kwa ajili ya mgeni.
Kisha paa la banda la wimbi,
misumari ikilia mmoja mmoja.
Asekenye alikuwa ameliinamia beseni,
unga wake ameukinga kwa kifua.

Nilituma mistari ishirini na miwili.
Ikatoka minne.
NGORA YALIPUKA KWA SHANGWE,
na picha: mikono, mikono, mikono hewani.
Mikono ile ilikuwa ikikinga macho.
Mhariri hakudanganya, alikata tu,
akakata picha pale penye viwiko,
kabla ya bati.

Jioni redio moja ikasema: raia walikaidi amri.
Jumatatu redio ya upande wa pili ikasema: mama ameuawa.
Asekenye alisikia kifo chake akiwa wodini,
bega limeshonwa nyuzi kumi na nne,
akamwomba muuguzi aongeze sauti.

Wiki tatu baadaye, mirija ikiwa ndani ya chungu cha ajon,
Okurut ananiuliza:
Kwani upepo ulikuwa mkubwa kiasi hicho?
Mbona gazetini watu wanacheka?
Okurut, aliyevua shati akamfunga jeraha!
Analivaa hadi leo. Doa lilikataa sabuni.
Nililitazama doa. Naye akalitazama,
akasema ni kutu.

Sasa chokaa imechorwa upya. Mgeni mwingine, Alhamisi.
Nilimkuta Asekenye sokoni, beseni mahali pale pale,
anapima unga kwa mkono wa kushoto.
Nikafungua daftari: unajisikiaje, mama?

Usiniandike mimi, akasema.
Mimi walishaniandika, nimeshakufa, nimeshakaidi.
Andika ni mbali kiasi gani.

Nikatembea kutoka kwenye chokaa hadi kwenye beseni,
watoto wakinifuata, wakihesabu kwa sauti.
Hatua thelathini na moja.

Niliutuma hivyo hivyo, mstari mmoja.
Malipo yake hayatoshi nauli.