Akiba Iliyooza

Wasemao akiba haiozi
hawakuishi Ruse.

Baba yangu, Dobri, mchomeleaji wa vyuma karakana ya meli,
alikuwa akiwekea motokaa. Miaka kumi na minne,
kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi,
foleni, kofia mkononi, daftari la kijivu mfukoni,
tarakimu, sahihi, muhuri.
Rangi alishaichagua: manjano ya haradali.
Alishajua nani ataketi wapi.
Mimi nyuma, upande wa kuutazama Danubi.

Ukaja ule mwaka bei zilipopanda ngazi mbilimbili,
asubuhi mkate, jioni nusu mkate kwa fedha ileile,
na serikali ilipokuja kukata sifuri tatu
kama mtu apogoaye mzabibu,
leva elfu nne na mia sita
zikawa nne na senti sitini.

Baba alikwenda kuzichukua zote. Alivaa tai.
Akarudi na jibini nyeupe, kilo moja kasoro kidogo.
Motokaa yetu tuliila kwa siku tatu,
kwa mkate na nyanya za chupa.
Hakusema neno. Mama akakung'uta makombo.

Ndiyo maana mimi, Tsvetomira, nesi wa zamu za usiku,
hununua vinavyoshikika.
Nina friza mbili.
Nina vigae vya bafu ambalo halijajengwa.
Nina pilipili za kuchoma, chupa sitini na tatu, ghala la chini,
na siki yake imeningia mpaka kwenye kucha.
"Tutastaafu tukila pilipili?" huuliza Plamen, mume wangu.

Jana akafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni.
Mstari: unapanda, unaporomoka, unapanda tena,
mlevi kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe.
Mfuko wa hisa, akasema. Yuro hamsini kwa mwezi.
Kwa ajili ya Yoana, na kwa ajili ya magoti yetu.

Nikauliza ada.
Nikauliza ada tena.
Nikasoma maandishi madogo, yale ya chini kabisa,
kwa miwani ya marehemu mama.
Kisha: na wakikata sifuri?

Plamen hakujibu upesi; hapo ndipo nilipomwamini.
"Hisa si noti," akasema. "Ni kijipande cha kiwanda,
cha duka, cha jasho la watu tusiowajua.
Lakini sijui, Tsveti. Hakuna ajuaye.
Ndiyo maana hatuweki zote."

Tukaandika mgongoni mwa bili ya umeme:
chakula cha miezi sita, benki, kisiguswe;
hamsini za mfuko;
ila kwanza deni la friza ya pili
(hapo palikuwa na kimya kidogo);
na pilipili, nikasisitiza, pilipili zibaki.

Yoana akaingia kutafuta chaja.
Akaliona daftari la kijivu. Nilikuwa nimelitoa, sijui kwa nini.
Akahesabu mihuri ya babu yake kwa kidole,
ukurasa baada ya ukurasa, midomo ikicheza.
"Mia moja sitini na minane.
Hakukosa hata mwezi mmoja?"
Hata mmoja.
Akapiga mbinja,
kama mtu aliyeona motokaa nzuri ikipita.

Nikabonyeza kukubali.
Kisha nikashuka ghalani, nikahesabu chupa.