Jiwe la Mlango wa Jiko

Barua ya maabara imefika leo, kurasa mbili,
nami nimeketi Maweni, upande wa Manda,
juu ya jiwe lenyewe, au tuseme kilichosalia,
maana kipande kama nusu mche wa sabuni
nilikichonga Machi, nikakifunga kwa gazeti,
baba akishangaa: "Hilo tu? Beba zima, mawe si yapo?"

Odindo, mkata mawe. Miaka ishirini na miwili
tangu ashuke hapa kutoka Ugenya na sururu ya kuazima.
Vumbi jeupe halimtoki kopeni hata akioga.
Kila jiwe hulipima kwa kidole kilichokatika,
kisha ng'ambo, Mkomani, punda hulipokea,
linakuwa ukuta, linapakwa chokaa
ambayo nayo ni jiwe lilelile, limechomwa.
Mji mzima umejengwa kwa mifupa ya matumbawe
na hakuna anayeuliza marehemu alikufa lini.

Nauliza mimi.

Tumbawe lilipokuwa hai lilikunywa bahari,
na baharini mna urani, kidogo mno,
mapipa elfu hayajazi kijiko cha chai.
Urani huyeyuka majini. Thoriamu haitaki:
hung'ang'ania vumbi, ikazama nalo.
Basi siku ya kwanza chumba hakina mtoto.
Kisha urani inazaa, polepole, bila mkunga,
atomu moja inaacha jina lake, inaitwa thoriamu,
halafu nyingine.
Fungua mlango baadaye, uhesabu watoto,
utajua bibi huyu aliingia lini nyumba hii.

Baba alicheka mpaka akakohoa.
"Na watoto wa kufikia, je?"

Swali hilo darasani tulilifikia wiki ya sita.
Wapo, baba. Huja na udongo.
Lakini huandamana na ndugu yao mzito,
mia mbili thelathini na mbili,
ambaye urani hii haikumzaa kamwe.
Ukimkuta kibarazani, jua wageni wamepita.
Kwenye jiwe letu walipita wachache.

Lile jeupe, linalometa kama sukari,
alilonichagulia Shee Famau ("Twaa hili, iwe la kae!"),
maabara imelikataa.
Maji ya mvua yalilipenya,
yakalibomoa na kulijenga upya, punje kwa punje,
hata likasahau bahari yake.
Linameta kwa sababu limesahau.
Lililokubaliwa ni hili la kijivu, bovu,
halifai hata ukuta wa choo,
ambalo mama aliegemezea mlango wa jiko
usibamizwe na upepo.

Laki moja, ishirini na tatu elfu.
Zaidi au pungufu ya mia tisa.
Bahari wakati huo ilikuwa juu ya paa hili la mabati,
na strontiamu, ambayo tumbawe huipunguza maji yakipata moto,
inasema joto lilikuwa kama la sasa, pengine kushinda.
Nasoma mstari huo mara mbili. Simtafsirii.

Yeye amenasa kwingine.
"Mia tisa mnakosea hivihivi?"
Ndani ya mia tisa hiyo unaenea mji wote wa Lamu,
misikiti, makaburi, mashtaka ya viwanja,
na nafasi inabaki.
"Mimi nikikosea inchi moja," anasema, "silipwi."

Anainuka, anakohoa tena, kwa muda mrefu,
mkono ukutani.
Ni vumbi la mwamba huuhuu, la umri huohuo,
limo kifuani mwake, halina hata miaka ishirini na miwili humo,
na barua, kurasa zote mbili,
haina safu ya kuliandika.

Naliviringisha jiwe hadi mlangoni.
Upepo umeanza.