Unyayo Juu ya Paa

Baba yetu alikuwa fundi wa risasi,
si ile iuayo: ile izuiayo mvua,
shuka zito la kijivu alilofunikwa Mungu
katika makanisa ya Sussex yaliyojengwa kwa gumegume.
Kila alipomaliza paa alivua kiatu,
akakilaza, akakizungushia ncha ya msumari,
akaandika ndani yake R.P. na mwaka.
"Kasisi anatia saini kitabuni," alisema.
"Mimi natia saini juu ya kichwa chake."

Ndiyo maana Februari hii, mimi na dada yangu Avis,
mwenye miaka sabini na minne na goti la chuma,
tulijipakia katika kigari chake
kwenda kuisoma ile saini.

Wivelden kwanza. Njia nyembamba,
michongoma inatupangusa vioo pande zote mbili.
Bwana Tuppen, mzee wa kanisa, alitupokea kofia mkononi
kama mtu aliyekuja kutupa pole:
wezi walifika na lori usiku wa Krismasi,
wakalikunja paa kama mkeka, wakaenda nalo.
Sasa ni bati. "Bati zuri," akasema, akitazama chini.
Nikawaza: Baba ameyeyushwa.
Baba ni betri ya gari la mtu.

Thornlow palikuwa pamefungwa.
Ufunguo uko dukani. Dukani: uko kwa Bi Gwenda.
Bi Gwenda: yuko kwa daktari wa meno.
Tukala mayai ya kuchemsha, glavu mkononi,
juu ya kaburi la nahodha aliyekufa 1788
na ambaye hakuonyesha kujali,
kondoo wakitukodolea macho toka upande wa pili wa ukuta.

Ashmere tulipanda.
Ngazi sabini na moja, zimelika katikati kama sabuni,
Avis akipumzika kila ya kumi, akililaani goti,
kisha akiomba radhi kwa ajili ya mahali.
Kimlango. Upepo.
Vilima vya chaki vimelala
kama mgongo wa mtu aliyegeukia ukutani,
na mbali kule, uzi wa bahari.

Na pale, kando ya mfereji, kiatu cha Baba:
namba tisa, kisigino kimelika upande wa kushoto,
R.P. 1963.
Na ubavuni pake, chanda na pete,
kiatu kidogo. Cha mtoto wa miaka minne, labda mitano.
T.P. 1963.

Mimi ni Muriel. Yeye ni Avis.
Mwaka ule nilikuwa na kumi, yeye kumi na mitatu.
Nyumbani kwetu hapakuwa na T,
na hakuna aliyewahi kutupandisha paani.

Avis akatoa penseli na karatasi,
akapiga magoti, lile la chuma na lile la nyama,
akanakili kile kidogo tu.
"Brighton," akasema, kama anayetema kokwa.
Kila Jumamosi ya pili Baba alikwenda Brighton
kununua misumari.
Misumari!
Kana kwamba mji wetu mzima ulishikana kwa mate.

Ufuko wa Brighton hauna mchanga, ni kokoto tupu;
huwezi kunyata pale, kila hatua inakusema.
Tukanunua chipsi. Shakwe akamnyang'anya Avis samaki
naye akacheka mpaka akalia,
au alianza na kilio, sikufuatilia.
Mifupa ya gati lililoungua imesimama majini,
inaelekea mahali isipofika,
na juu yake kwezi, maelfu, wakikunjuka na kukunjana
kama shuka linalotandikwa na watu wawili wasioonekana.

Watu walipita. Mwanamke wa koti jekundu.
Mzee na mbwa mwenye sweta.
Wengine wawili, wa miaka sitini na kitu, wamebishana, wameshikana mikono.
Niliwatazama miguu, kisigino cha kushoto.

"Umeangusha nini?" Avis akaniuliza.
"Sarafu," nikasema.

Hakunisaidia kuitafuta.
Alikuwa ameinama tayari.