Jani la Gimbi

Muuzaji alipanda kutoka Mbeya na madumu matano.
Akamwaga glasi ya maji kwenye tofali moja
na maji yakaviringika, yakashuka bila kuacha alama,
kama umande juu ya jani la gimbi.
Tulipiga makofi. Mimi nilichelewa kupiga,
nilikuwa nimeshika pampu.

Pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia kahawa.
Siku tatu za Septemba, Tukuyu ikiwa kavu
kwa kadiri Tukuyu inavyoweza,
nilipuliza ukuta wa kusini, nikapuliza wa magharibi,
tofali zilizofyatuliwa na watu ambao majina yao
hayakuandikwa popote, ila kidole gumba kimoja
kilichobonyea udongoni, mstari wa saba kutoka chini.
Nacho nilikipuliza.
Mwalimu Tusekile wa kamati akauliza, "Itadumu?"
Muuzaji akasema: miaka kumi, kwa maandishi.

Mvua ikaja ilivyozoea, bila hodi.
Tukasimama barazani tukiutazama ukuta
unavyokataa.
Ulipendeza. Sitasema uongo.

Masika ya pili, Lusajo wa darasa la tano
aliandika jina lake kwa kidole
upande wa ndani, na likasomeka.
Mwezi wa sita, baridi ilipobana,
chumvi ikachanua nyuma ya ubao,
laini, nyeupe, kama unga uliomwagwa na panya.
Halafu nyuso zikaanza kudondoka.
Uso wa tofali, unene wa sahani,
unabanduka mzima, na dawa yake bado unayo:
ukiutonea tone, tone linaviringika.
Nyuma yake, udongo mbichi
unaochimbika kwa ukucha.
Kile kidole gumba nilikiokota kwenye nyasi.

Ndipo nikachimba. Ningeanza na kuchimba.
Maji hayakuwa yakipitia mbele hata kidogo.
Yalipanda kutoka kwenye msingi, kimya, tofali kwa tofali,
yalishuka kutoka mfereji wa bati uliopasuka
pale kona ya choo.
Zamani yalifika usoni, yakaota jua, yakaenda zao.
Sasa yamefika, yamekuta komeo,
na aliyelipiga ni mimi,
na ufunguo wake hauuzwi Mbeya.

Stoo, chini ya mipira iliyoisha upepo,
lilikuwepo daftari la mtunza majengo,
Anyosisye Mwaisumbe, mwandiko umelalia kulia:
*Jumatatu. Nimezibua mfereji. Majani ya milingoti.*
*Jumatatu. Nimezibua mfereji. Kiota; nimekihamisha.*
*Jumatatu. Chokaa kidogo, kona ya choo.*
Miaka kumi na tisa ya Jumatatu.
Ukurasa wa mwisho:
*Ngazi imevunjika. Nimeomba nyingine.*
Kisha mistari mitupu, ya bluu, mpaka kwenye jalada.

Nilimsoma nimekaa juu ya dumu tupu.

Nimenunua ngazi. Elfu sabini, risiti ipo.
Nimechimba mtaro kuuzunguka ukuta,
nimekwangua saruji tuliyoibandika mwaka ule wa haraka,
nimeroweka chokaa kwenye pipa nyuma ya jiko
na watoto nimewakataza kulisogelea.
Kamati inauliza dawa itatoka lini.
Nasema sijui. Jua ndilo linaloila,
na huku kwetu jua lenyewe ni la mgawo.
Mwalimu Tusekile anauliza kama muuzaji atarudi.
Alirudi. Ana dawa nyingine, ya kutoa ile ya kwanza.
Nilimpa chai, akanywa, akashuka.

Kidole gumba kipo dirishani, juu ya gazeti.
Nikiweka changu mle ndani, hakienei.
Alikuwa kijana, nadhani, au msichana,
au udongo ulinywea kwenye moto.

Jumatatu. Nimezibua mfereji.
Majani, na ndara moja ya mtoto, ya kushoto.
Nimeiweka barazani, mwenyewe aione.