Inaonekana?

Betri ya gari tuliichaji Kibuye,
ikaja Manyatta kwa toroli,
na Ogweno akapanda juu ya mabati
kushika antena.
"Inaonekana?"
"Chengachenga tu! Geuza, elekeza Kajulu!"

Chombo kilikuwa kimetua kwenye sayari
ya mawe ya sponji. Jiwe moja lilidunda.
Tulicheka, ila miguu tuliikunja juu ya kiti.

Betri ikafa kabla ya mwisho.
Ogweno akashuka, viganja vimejaa kutu.
"Ikawaje?"
Nikamdanganya: "Walirudi wote."

Miaka arobaini na mitatu.
Mjukuu wangu Akeyo ameipata kwenye simu.
Kumbe sayari ilikuwa ya zambarau!
Jiwe bado linadunda.

Halafu zile dakika nisizozijua:
chombo kinapaa, na kijana mmoja,
hata jina hakupewa,
anabaki kilimani ameshikilia mlingoti
ili wenzake waione njia.

"Dani, mbona unalia? Ni sponji tu."

Namwomba airudishe nyuma kidogo.
Mvua imeanza juu ya mabati.
Inaonekana, nasema.
Inaonekana vizuri sana, Ogweno. Shuka.